Merikebu Zing'oe Nanga Mombasa: Tumaini la Msafiri wa Mwingi

Mwingi ni mji wa bara, uliokaa kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, katika nchi ya mibuyu na migunga ambamo maji huhesabiwa kwa mitungi na mvua husubiriwa kwa dua. Na mtu asiyewajua wakazi wake huenda akastaajabu kuambiwa kwamba miongoni mwa mambo wayatumainiayo watu wa hapa, pamoja na mvua ya vuli na bei njema ya ndengu, limo pia tumaini la merikebu. Tumaini lenyewe ni hili: kwamba meli kubwa za utalii, ambazo hivi sasa huanza na kumaliza safari zake Durban, Dubai au Genoa, siku moja zitazianza na kuzimaliza Mombasa, bandari iliyo karibu nasi kuliko zote hizo, ili mwalimu mstaafu wa Migwani au mfanyabiashara wa Kyuso aweze kupanda chomboni bila ya kuvuka kwanza nusu ya bara hili kwa ndege.

Tumaini hili halikuletwa jana na picha za simu. Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya lami, misafara ya wazee wetu Wakamba ilikuwa ikiteremka kutoka Kitui hadi Mombasa ikichukua pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Na mashuhuri katika wakuu wa tijara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye alimkaribisha kwake Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ilikuwa katika ziara hiyo, tarehe 3 Desemba, ndipo Krapf alipouona kwa mbali ule mlima wenye theluji ambao baadaye nchi nzima ilichukua jina lake. Wako waliofuata njia hiyo wasirudi tena, wakajenga na kuoa katika nchi ya Rabai, Mariakani na vilima vya Kwale, na vizazi vyao viko huko mpaka leo. Basi bahari kwa Mkamba si hadithi ya kusimuliwa. Ni mwisho wa njia ambayo wazee wake waliikanyaga kwa miguu, tena wakiwa na mizigo mabegani.

Bahari hiyo hiyo tumeijua pia kwa msiba. Mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli uling'oa nanga Kilindini, bandari ya Mombasa, kuelekea Colombo, na ndani ya meli iliyoitwa Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Na ilipofika tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli hiyo ikazama kwa muda wa dakika chache, na watu 1,297 wakafa. Ukambani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa askari wengi katika jeshi la wakati ule, na kwa kizazi cha babu zetu kupanda meli Mombasa hakukuwa na maana nyingine ila kwenda vitani, mtu asijue kama atarudi. Ni insafu kabisa kwamba wajukuu wao wapande meli katika gati zile zile kwa hiari yao, na kwa furaha, na wakiwa na hakika ya kurejea.

Wala si kweli kwamba Mombasa haikupata kuwa bandari ya kuanzia safari. Baada ya vita, kampuni ya British India ilikuwa na merikebu mbili, Karanja na Kampala, zilizounganisha Bombay, Shelisheli, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Beira na Durban. Na mapema katika miaka ya 1950 kampuni hiyo hiyo ilileta nyingine mbili, zilizoitwa Kenya na Uganda, ambazo zilikuwa zikitoka London, zikapita Suez na Aden, zikafika Mombasa na kuendelea kusini. Abiria waliteremka Kilindini na abiria wengine wakapanda Kilindini, na mji mzima ulijua siku ya meli kuingia na saa ya meli kuondoka. Kilichoikomesha biashara hiyo hakikuwa upungufu wa bandari wala wa watu. Ndege za jeti zilifupisha safari ya majuma ikawa safari ya saa, na vita vya Juni 1967 vikaufunga mfereji wa Suez, ambao haukufunguliwa tena mpaka Juni 1975. Na ilipofunguliwa njia, abiria walikwisha kuzoea hewa na kuisahau bahari.

Hata hivyo shauku ya safari za bahari kwa ajili ya mapumziko ilirudi, na Mombasa ilikuwa na sehemu yake. Katika miaka ya 1990 meli ndogo iliyoitwa Royal Star, ya jamaa wa African Safari Club waliokuwa na mahoteli ya ufukweni, iliifanya Mombasa kuwa makao yake, ikawa inatoka hapo kwenda Zanzibar, Shelisheli na Bukini na kurudi. Naitaja kwa kuwa ni ithibati. Jambo tunaloliomba limekwisha kufanyika katika bandari hii, kwa chombo kilichotia nanga hapa, katika umri wa watu wengi wasomao makala haya.

Kilichovuruga mambo baadaye ni uharamia. Mwezi wa Novemba 2005 meli ya utalii Seabourn Spirit, iliyokuwa njiani kuja Mombasa kutoka Misri, ilishambuliwa na maharamia mbele ya pwani ya Somalia kwa bunduki na makombora, ikaponea na kukimbilia Shelisheli. Na mwezi wa Aprili 2009 MSC Melody, iliyokuwa imetoka Durban ikirudi Italia, nayo ilishambuliwa usiku kaskazini ya Shelisheli, walinzi wake wakawafukuza wavamizi. Baada ya hapo wenye meli waliiepuka bahari yetu, na wenye bima walipandisha ada zao, na gati za Kilindini zikabaki kwa makontena. Hali hiyo ilidumu miaka mingi, mpaka doria za majeshi ya wanamaji zilipoleta utulivu, na mwanzoni mwa 2023 jumuiya za wenye meli zikaliondoa eneo hili katika orodha ya bahari za hatari kuu. Mwaka haukwisha kabla ya balaa jingine kuzuka: mashambulizi ya Wahuthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, ambayo yamezifanya kampuni nyingi kughairi njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Msomaji ataona hapa kwamba kufungwa kwa njia ya kaskazini, ambako mwaka 1967 kulitunyang'anya merikebu, kunaweza safari hii kutuletea. Meli ambayo hupita tu kati ya Ulaya na Dubai haina haja ya bandari yetu ila kwa siku moja, na njia yake ikikatwa, nayo hukatika. Lakini meli ambayo imekaa katika Bahari ya Hindi msimu mzima, ikianzia na kuishia humu humu, haitegemei Suez wala mlango wa bahari wa Bab el Mandeb, kwa sababu abiria wake wanatoka katika nchi zinazoizunguka bahari hii. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ambayo makala haya yanaitetea, tofauti kati ya bandari inayotembelewa na bandari inayosafirisha.

Kutembelewa tumeanza kutembelewa, na shukrani ni wajibu. Halmashauri ya Bandari za Kenya, kwa msaada wa TradeMark East Africa, ililitengeneza upya jengo la abiria Kilindini, likawa na ukumbi wa kupokelea wageni, ofisi za uhamiaji na forodha, na maduka. Na katika miaka ya karibuni zimetia nanga hapo meli kama Norwegian Dawn, ambayo huchukua abiria zaidi ya elfu mbili. Siku meli ya namna hiyo ifikapo, ngoma hupigwa, mabasi hujipanga, wageni hupelekwa Fort Jesus, Mji wa Kale na mbuga za Tsavo, na jioni hurudi chomboni wakaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji hupona kidogo siku hiyo. Lakini chakula wamekula melini, kitanda wamelala melini, na mwenyeji hana nafasi ya kupanda, kwa kuwa vyumba vyote vilikwisha kuuzwa katika bandari ya mbali ambako safari ilianzia.

Bandari ya kuanzia safari ina mambo mengine kabisa. Abiria hufika siku moja au mbili kabla, hulala hotelini na kula mjini. Meli hujaza maji, mafuta, nyama, matunda, mboga na maua. Nguo hufuliwa, vyombo hutengenezwa, mabaharia hubadilishwa zamu. Na yote haya hurudiwa kila juma kwa msimu mzima. Kwa hesabu hiyo meli moja inayoanzia safari Mombasa kwa miezi mitano ina faida ya kudumu kuliko meli nyingi zipitazo kama wageni wa mchana.

Kampuni ambayo wengi wetu tunaitazama kwa matumaini, na ambayo mimi binafsi naipenda kuliko nyingine, ni MSC. Ilianzishwa mwaka 1970 na Gianluigi Aponte, Mwitaliano, na miongoni mwa njia zake za kwanza ilikuwa ile ya kuchukua shehena kati ya Bahari ya Kati na Somalia, hata inaweza kusemwa kwamba utoto wa kampuni hiyo ulipitia pwani ya Afrika Mashariki. Makontena yake yako Mombasa kila juma, na ina hisa katika Kenya National Shipping Line, shirika letu la meli lililoundwa 1987. Na huko Durban, ambako aghalabu huweka meli katika miezi ya kiangazi cha kusini, kuanzia Novemba mpaka Machi au Aprili, imeshiriki kujenga jengo la abiria lililopewa jina la Nelson Mandela, na kutoka hapo hupeleka watu kwenye visiwa na fukwe za Mozambique kwa safari za siku tatu, nne au zaidi. Jambo linalonivutia katika mpango wa Durban ni abiria wake: si mamilionea wa nchi za mbali, bali ni walimu, wauguzi, makarani, wenye maduka na watoto wao, watu wa Afrika Kusini wenyewe, waliodunduliza mwaka mzima ili waione bahari kutoka upande wa maji. Ikiwa watu wa Johannesburg, waliokaa bara mbali na pwani, wameweza kuijaza meli, kwa nini ifikiriwe kuwa ni muhali kwa watu wa Nairobi, Kampala, Arusha na Mwingi?

Hivi sasa Mkenya atakaye safari hiyo hana budi kwenda Durban. Tunashukuru kwamba tangu Januari 2023 Afrika Kusini imeturuhusu kuingia bila viza. Lakini nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, pamoja na malazi ya njiani, huweza kuikaribia au kuizidi bei ya safari yenyewe, na akienda na mkewe na watoto, matumizi yanakuwa makubwa hata azma inavunjika. Akitaka kupandia Dubai au Genoa, huongezeka viza, na maombi ya viza, na wasiwasi wa viza. Ilhali Tanzania na Shelisheli hazitudai viza, na kwa njia ya bahari Zanzibar iko umbali wa usiku mmoja tu kutoka Kilindini.

Na Mombasa yenyewe imetukaribia. Zamani mtu wa Mwingi akitaka kwenda pwani alilazimika kwanza kwenda magharibi mpaka Nairobi, ndipo ageuke kusini mashariki, yaani alizidi kuipa bahari kisogo kabla ya kuielekea. Sasa iko barabara ya lami kutoka Migwani kupita Kabati, Kitui, Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi katika kaunti ya Makueni, yenye urefu wa karibu kilomita 190, na kwa njia hiyo msafiri huokoa zaidi ya kilomita mia moja na foleni zote za Nairobi. Fauka ya hayo, pale Kibwezi kipo kituo cha reli mpya, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na mtu aweza kupanda gari moshi akateremka Miritini siku hiyo hiyo. Njia ya nchi kavu imekwisha kutengenezwa. Iliyobaki ni njia ya maji.

Kila Desemba mabasi ya vyama vya akina mama, vya makanisa na vya walimu hutoka Ukambani yakiwa yamejaa kwenda Mombasa. Na kwa wengi wa wasafiri hao chombo cha kwanza na cha mwisho kupanda maishani ni kivuko cha Likoni, ambacho hakimtozi fedha mtu aendaye kwa miguu. Nimewaona wazee wakisimama kwenye ukingo wa kivuko hicho wakizitazama meli kubwa zikipita katika mlango wa bandari, nao hawasemi neno mpaka kivuko kifike ng'ambo. Watu hao wana akiba zao katika vyama vya kuweka na kukopa, wana nidhamu ya kuchanga kidogo kidogo mwezi kwa mwezi, na wangeweza kuchangia safari ya siku nne kama wachangiavyo mambo mengine mazito kuliko hayo. Kinachokosekana ni chombo cha kuwapokea.

Lakini maslahi ya Mwingi hayaishii katika starehe ya wachache watakaosafiri. Meli yenye watu elfu mbili hula kama mji mdogo, na mji huo mdogo ukiwa unajaza ghala zake Kilindini kila juma, hapana budi ununue kwa jirani. Kitui ni kaunti inayoongoza Kenya kwa ndengu. Asali ya Mwingi inajulikana kwa utamu wake, na wafugaji wa nyuki wa hapa walikwisha kusaidiwa na taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE kujenga mahali pa kuisafisha na kuiuza. Makueni wana maembe, na kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba. Na mbuzi wa nchi hii hawahitaji sifa. Bidhaa hizo leo hupita mikononi mwa madalali wengi kabla ya kufika kwa mlaji. Mnunuzi mmoja mkubwa, wa kudumu, mwenye ratiba inayojulikana tangu mwaka uliopita, angempa mkulima kitu ambacho hakupata kuwa nacho: uhakika.

Wako pia ndugu zetu wachongaji. Ufundi wa vinyago vya Wakamba ulienea tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Tanganyika baada ya vita vikuu vya kwanza, na tangu miaka ya 1960 wachongaji wamekuwa na chama chao cha ushirika Changamwe, mjini Mombasa, ambako mamia ya mafundi hukaa chini ya vibanda wakichonga twiga, vifaru na sura za watu. Riziki ya mafundi hao hupanda na kushuka pamoja na wageni wa pwani, nao waliuhisi mtikiso wa uharamia kabla ya mwanauchumi yeyote kuuandika. Kadhalika wako vijana: wapo Wakenya waliokwisha kuajiriwa katika meli za MSC kama wapishi, wahudumu na mabaharia, na Bandari Maritime Academy ya Mombasa inawafundisha wengine. Meli ikifanya makao Kilindini, kijana wa Nguni au Tseikuru atakwenda kazini kwa basi na atarudi kwa mama yake kwa basi.

Sidai kwamba jambo hili ni jepesi. Kusi ivumapo, kutoka Aprili mpaka Septemba, bahari yetu huchafuka, na abiria asiyezoea hupata taabu. Lakini kaskazi, kutoka Novemba mpaka Machi, huleta maji ya utulivu, na ndiyo miezi ile ile ambayo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakija kwetu kwa karne nyingi, na ndani yake imo likizo ndefu ya skuli. Bandari za kutembelea nazo zina mipaka yake: Zanzibar na Lamu ni miji ya kale yenye vichochoro vyembamba, isiyostahimili kumwagiwa watu elfu mbili kwa asubuhi moja, na serikali ya Italia ililazimika mwaka 2021 kuzizuia meli kubwa zisipite katikati ya Venice, mji ulioishi kwa bahari. Ziko pia miamba ya matumbawe na taka za vyombo. Haya yote yanataka sheria kali na hadhari, tena yanatuelekeza kuomba meli ya kiasi, isiyo kubwa kupita mahitaji yetu, itakayoanza kwa msimu mmoja wa kaskazi na kwa safari fupi za Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kurudi, na ikifaulu iongeze Shelisheli na Bukini.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa MSC waliopata fedha nyingi katika shehena ya Mombasa waifikirie Mombasa kwa abiria pia, na waje wapime soko la Afrika Mashariki kama walivyopima la Afrika Kusini. Naiomba Halmashauri ya Bandari na wizara ya utalii wasiridhike kuhesabu meli zilizopita, bali waende kwa wenye meli na mpango wa ada nafuu kwa chombo kitakachokaa msimu mzima. Naiomba serikali ya kaunti ya Kitui, pamoja na ya Makueni, iwakusanye wakulima katika vyama vyenye kupimia na kufungasha kwa viwango vinavyotakiwa, kwa kuwa mnunuzi wa meli hangoji gunia lililochelewa. Na wewe msomaji wa Mwingi, wa Kyuso, wa Migwani au wa Nuu, chukua pasi yako ya kusafiria mapema, uzungumze na wenzako chamani juu ya akiba ya safari, na uwaandikie wahusika kuwaambia kwamba unangoja. Kwa maana kampuni huleta meli pale inapoona abiria, na abiria wasiojitokeza huhesabiwa kuwa hawapo.